Yabesi si yabisi

Mswahili akilisikia Yabesi, jina la mtu wa Biblia anayetajwa katika 1 Mambo ya Nyakati 4, kwa mara ya kwanza, sikio lake humpeleka moja kwa moja kwenye yabisi: udongo yabisi, mkate uliokaa mpaka ukawa yabisi, baridi yabisi ya magoti. Kosa hilo si la kijinga. Yabisi ni neno la Kiarabu, Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na ndani ya Biblia kweli limo jina lililotoka kwenye mzizi huohuo wa ukavu. Ila si hili.

Lenye ukavu ni Yabeshi. Ndilo lililo katika mji wa Yabesh-Gileadi, mashariki ya Yordani, ambao mashujaa wake walitembea usiku kucha wakauondoe mwili wa Sauli ukutani Beth-shani (1 Samweli 31). Ndilo pia jina la baba yake Shalumu, yule aliyemwua mfalme Zekaria, akatawala mwezi mmoja, kisha naye akauawa (2 Wafalme 15). Kwa Kiebrania Yabeshi ni herufi tatu: yod, bet, shin. Yabesi wa 1 Mambo ya Nyakati sura ya 4 ni herufi nne: yod, ayin, bet, tsade. Wanashirikiana herufi mbili tu, lakini kwenye maandishi ya Kiswahili wanatofautiana kwa h moja, na ikitamkwa haraka hata hiyo h haisikiki.

Ndiyo maana somo la kwanza kwa yeyote anayeulizwa maana ya jina la Kiebrania ni kutolijibu kutoka kwenye tahajia ya Kiswahili. Tahajia yetu ni nzuri kwa kusoma, mbaya kwa kuchimbua. Ayin, ile sauti ya kooni ambayo waliosoma chuo cha Kurani wanaijua kama ain, Kiswahili huimeza kabisa: Ali, Omari na Saidi wote walikuwa nayo. S ya Kiswahili nayo imebebeshwa mizigo mingi. Inasimama mahali pa samekh, pa sin, pa tsade, na mara nyingine hata pa shin, kama katika Musa na Sulemani. K inasimama mahali pa kaf na pa qof. Jina lenye s na irabu ya kwanza iliyovutika linaweza kuwa linaficha herufi mbili usizoziona.

Dawa yake ni rahisi siku hizi. Programu nyingi za Biblia kwenye simu zina namba za Strong, zile alizozipanga James Strong katika itifaki yake ya mwaka 1890, yaani kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia linatokea wapi: kila neno la Kiebrania lina namba yake. Huhitaji kujua kusoma Kiebrania, unahitaji kulinganisha namba tu. Yabesi ni 3258. Ukijikuta kwenye 3003 umeingia kwa Yabeshi na ukavu wake, rudi ulikotoka. Ukisha kuipata namba, tafuta kila mahali inapotokea kabla hujafungua kamusi yoyote. Kwa Yabesi kazi hiyo haimalizi dakika tano: jina linatokea mara nne tu katika Biblia nzima, mara tatu likimtaja mtu (1 Mambo ya Nyakati 4:9-10) na mara moja likitaja mahali walipokaa jamaa za waandishi (2:55).

Mtu mwenyewe anaingia bila kubisha hodi. Sura ya 4 ni orodha ya uzao wa Yuda, fulani akamzaa fulani. Mstari wa 8 unamaliza ukoo mmoja, wa 11 unaanza mwingine, na katikati yao amekaa huyu ambaye hatajwi baba, hatajwi mke wala mtoto. Tunaambiwa alikuwa mwenye heshima kuliko nduguze, kwamba mamaye ndiye aliyempa jina kwa sababu alimzaa kwa huzuni, na kwamba aliomba akapewa. Kisha orodha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa tazama maneno ya mama. Kwa Kiebrania ni ki yaladti be-otseb, "kwa sababu nilimzaa kwa otseb". Otseb ni ayin, tsade, bet. Jina ni yod, ayin, bet, tsade. Iondoe yod ya mwanzo, ambayo katika majina ya aina hii hufanya kazi kama a- yetu ya "anapenda" (ndiyo iliyo mwanzoni mwa Yakobo pia), unabakiwa na ayin, bet, tsade. Herufi ni zilezile tatu, lakini mbili za mwisho zimebadilishana viti. Kama mama angelitaka jina linalotoka moja kwa moja kwenye neno lake, tungetarajia kitu kama Yaatsebu, na mtoto wa Kiswahili angeitwa Yasebi.

Hapa ndipo walimu wengi huteleza, kwa njia mbili zilizo kinyume. Wapo wasioona kabisa kwamba herufi zimegeuka, wakaandika tu "Yabesi maana yake huzuni". Na wapo wanaoona, wakadai kwamba mwandishi alikosea. Hakukosea. Kiebrania kina maneno ya kawaida yanayoishi kwa sura mbili za namna hiyo: mwanakondoo ni kebes na ni keseb, vazi ni simla na ni salma, na hakuna aliyesahihishwa kwa kutumia moja badala ya lingine. Watu wa pwani waliokua wakisema kinyume, nyumba ikawa mbanyu, wana sikio la jambo hili. Tofauti ni kwamba sisi tunageuza silabi na Kiebrania kinageuza konsonanti, kwa sababu katika lugha hizo maana hukaa kwenye konsonanti na irabu hupita tu.

Kwa hiyo jina hili halisemi "huzuni". Linaigusa huzuni kwa mbali, kama utani wa maneno. Anayelisikia anakaribia kulisikia neno la utungu, kisha linamponyoka. Wapo waliolisoma hilo kama kusudi la mama: kulitaja lile alilopitia bila kumfunga mtoto nalo. Usomaji huo ni mzuri, lakini maandiko yenyewe hayasemi hivyo, na anayeuhubiri afadhali auite usomaji.

Kamusi nazo zina mtego wake. Ukifungua namba 3258 kwa Strong utakuta ameandika kwamba jina latoka kwenye mzizi usiotumika, yamkini wenye maana ya kuhuzunika. Maneno "mzizi usiotumika" yapaswa kukusimamisha kila unapoyaona. Maana yake ni kwamba mzizi huo hauonekani mahali pengine katika maandishi ya Biblia. Mtunga kamusi ameukisia. Na ameukisia kutoka wapi? Kutoka kwenye maneno ya mama katika mstari uleule unaotaka kuueleza. Mtu akikuambia "hata kamusi yasema ni huzuni", amezunguka nyumba akarudi mlango alioingilia. Katika Kiebrania cha Biblia hakuna kitenzi cha ayin-bet-tsade. Kuna cha ayin-tsade-bet, na hicho ndicho kinachoweza kuchunguzwa.

Inafaa kuona jinsi watu wa kale wenyewe walivyokwama. Wayahudi waliokitafsiri kitabu hiki kwa Kigiriki waliliandika jina Igabes, na walipofika kwenye maneno ya mama hawakusema huzuni wala utungu. Waliandika kwamba alisema, "Nilizaa kama gabes." Gabes si neno la Kigiriki; ni jina lenyewe limeachwa bila kutafsiriwa, likiwa limekatwa kichwa. Hieronimo alipotafsiri kwa Kilatini, karne kadhaa baadaye, ndipo tunapata Iabes na maneno in dolore, kwa maumivu.

Hiyo g ya Kigiriki ina habari yake. Herufi moja ya ayin ilibeba sauti mbili katika Kiebrania cha zamani: ain ya Ali na ghain ya ghafla. Wagiriki walipoisikia ile ya pili waliiandika g. Mji ambao kwa Kiebrania ni Aza, kwa ayin, kwa Kigiriki ukawa Gaza, na Waarabu wanauita Ghaza hadi leo. Gomora ni vivyo hivyo. Igabes basi ni dalili kwamba ayin ya jina hili ilisikika kama gh. Ongeza kanuni nyingine: tsade ya Kiebrania mara nyingi hukutana na dhad ya Kiarabu, kama erets, nchi, ilivyo ardhi kwetu. Uweke mzizi wa neno la mama kwenye kanuni hizo mbili, gh mahali pa ayin na dh mahali pa tsade, halafu b: unapata ghadhabu. Wapo wataalamu wanaolinganisha mizizi hiyo miwili. Maana zimeachana, upande mmoja maumivu na upande wa pili hasira, lakini Mswahili anayetafuta neno la nyumbani lililo na undugu na jina hili ana sababu ya kuitaja ghadhabu, na hana sababu ya kuitaja yabisi. Atahadhari kitu kimoja tu: ghadhabu ni ndugu wa neno la mama, na jina linahusiana nalo kupitia zile herufi zilizogeuka.

Je, ni kawaida kwa Biblia kueleza jina kwa neno lisilo la mzizi wake? Ni kawaida kuliko watu wanavyodhani. Nuhu ndiye mfano wa karibu kabisa. Baba yake asema "huyu ndiye atakayetufariji" (Mwanzo 5:29), kwa kitenzi cha nun-het-mem, na ilhali jina lenyewe ni nun na het, la mzizi wa kupumzika. Babeli huelezwa kwa kitenzi cha kuchafua, balal, wakati Wababeli wenyewe walilielewa kuwa "lango la mungu". Fomula yake utaizoea: "akamwita jina lake fulani, akisema, kwa sababu..." Ukikuta "kwa sababu" hiyo, jua kwamba unasomewa kile jina lilichowakumbusha waliokuwepo. Kuna majina ambayo sababu hiyo na mzizi hukutana sawasawa, lakini usilichukulie hivyo kabla ya kulinganisha herufi.

Mahali penye utajiri kuliko pote ni mstari wa 10, na hapa Biblia ya Muungano, tafsiri yetu ya Kiswahili iliyozoeleka, inastahili sifa na lawama kwa pamoja. Sifa ni kwamba mama anasema "kwa huzuni" na ombi linamalizika na "huzuni yangu". Kwa Kiebrania neno la mwisho la ombi ni otsbi, mzizi uleule wa ayin-tsade-bet. Yabesi anamaliza kuomba kwa kulitaja lile lililomzaa, akiomba lisimpate. Tafsiri inayoweka "nisiumie" au "nisidhurike" inasomeka vizuri lakini inakata uzi huo, na msikilizaji hatajua kwamba ombi zima linajibu jina.

Lawama ni kwamba uzi mwingine mrefu zaidi umekatika. Katika Mwanzo 3:16 mwanamke aambiwa "kwa utungu utazaa watoto", na hilo neno utungu ni etseb, ndugu wa tumbo moja wa otseb. Anayesoma Kiebrania anamsikia mama yake Yabesi akirudia maneno ya bustanini. Anayesoma Kiswahili anakuta utungu huku na huzuni kule, wala hawezi kuunganisha. Kwa habari ya uzazi, utungu ndilo neno letu halisi, na tungeshauri mhubiri alisome hivyo kwa sauti hata kama kilichochapwa ni huzuni: "nilimzaa kwa utungu".

Lakini kuna neno moja ambalo Muungano umelihifadhi pande zote mbili, na wengi hulipita. Katika Mwanzo 3:16 Mungu asema "hakika nitakuzidishia uchungu wako". Katika 1 Mambo ya Nyakati 4:10 Yabesi anaomba "kunizidishia hozi yangu". Kitenzi cha Kiebrania ni kilekile kimoja, cha kuongeza kitu kiwe kingi, na watafsiri wetu wakatumia zidishia mahali pote pawili. Kule kilichozidishwa ni uchungu. Huku mtu mwenye jina la uchungu anaomba kizidishwe kitu kingine. Hozi kwa Kiebrania ni gebul, mpaka wa nchi, na kwa hiyo eneo lililo ndani ya mpaka huo: shamba, malisho, urithi wa ukoo. Katika kitabu kilichoandikwa baada ya watu kurudi kutoka uhamishoni Babeli, ombi la mpaka kuwa mpana lilikuwa na uzito ambao neno "baraka" peke yake halibebi. Ndiyo maana pia maelezo kama "Yabesi maana yake mtu wa mipaka mipana" au "aliyebarikiwa", yanayozunguka kwenye kadi za ubatizo, ni makosa. Hayo ndiyo aliyoyaomba. Jina lake halisemi hivyo. Nadhani wazazi huyapenda kwa sababu yanawaondolea aibu ya kumwita mtoto utungu.

Aibu hiyo ingepungua kama tungekumbuka majina yetu wenyewe. Tanzania imejaa kina Tabu, Shida, Masumbuko na Matatizo, na Kongo ina Mateso wengi. Kila anayejua desturi hiyo anajua kwamba Tabu si utabiri. Ni mama anayeacha kumbukumbu: mimba ilikuwa ngumu, baba alikuwa safarini, nyumba ilikuwa na msiba. Tofauti ya kisarufi ni kwamba Tabu ni neno lenyewe, wazi kabisa, wakati Yabesi ni kama ungemwita mtoto Batu na kila jirani akatabasamu.

Majirani wa Yabesi ndani ya Biblia ni wa aina hiyohiyo. Raheli akiwa anakufa alimwita mwanawe Benoni, yaani mwana wa huzuni yangu, na Yakobo akambadilisha akawa Benyamini (Mwanzo 35:18). Mkwewe Eli alimwita wake Ikabodi, akisema utukufu umeondoka (1 Samweli 4:21). Kuna jambo dogo hapo kwa anayependa herufi: kabodi ya Ikabodi na neno "mwenye heshima" alilopewa Yabesi, nikbad, ni mzizi mmoja, kaf-bet-dalet, wenye maana ya uzito. Mtoto mmoja wa uchungu aliitwa kwa kukosa uzito huo, mwingine akasifiwa kwa kuwa nao. Wala Yabesi, tofauti na Benyamini, hakubadilishwa jina. Wanaofundisha kwamba jina la uchungu lazima lifutwe kwa maombi humtumia yeye kama mfano, na yeye ndiye mfano usiowafaa.

Marabi, walimu wa dini wa Kiyahudi, walikwenda njia nyingine kabisa. Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho yao, katika sehemu iitwayo Temura, ukurasa 16a, inasema Yabesi ni Othnieli, yule mwamuzi wa kwanza, na kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alishauri na kueneza Torati katika Israeli. Ukiandika Kiebrania chake unaona ujanja: kushauri ni yod-ayin-tsade, kueneza ni resh-bet-tsade, na ndani ya maneno hayo mawili herufi zote nne za jina zimo. Si maelezo ya asili ya jina na hawakukusudia yawe. Lakini haikutoka hewani: Othnieli anatajwa mistari mitatu tu mbele, 4:13, mji alioutwaa uliitwa Kiriath-Seferi, mji wa kitabu, na Yabesi ya 2:55 ni makao ya waandishi. Kwa mtindo huohuo wa herufi, rabi Jacob Emden wa karne ya 18 alijulikana kwa jina la Yaabets: yod na ayin za Yaakov, bet ya ben, tsade ya Tsvi, yaani Yakobo mwana wa Tsvi.

Kuhusu kuliandika na kulitamka. J ya Jabez ilitoka kwenye I ya Kilatini, ikapitia Kiingereza. Kiebrania hakina sauti hiyo hapa, na Kiswahili cha Biblia kilifanya sahihi kuweka y kama katika Yakobo na Yeremia. Kenya utakuta Jabez kwa wingi kwenye vyeti, na si kosa, ni njia nyingine tu. Kosa ni cheti cha kuzaliwa kuwa na Yabesi, cha ubatizo Jabez na cha shule Jabesi. Chagua moja siku ya kwanza, maana kurekebisha baadaye kunadai viapo na foleni. Mkazo hauna shida: Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ya-BE-si, na Kiebrania hukazia ya mwisho, ya-BETS, kwa hiyo ni silabi ileile. Anayetaka ayin isikike kidogo avute a ya kwanza, kama wanavyofanya wanaosema Yaakubu badala ya Yakubu. Herufi hiyo ndiyo iliyovutika humo pia.

Na kwenye kijitabu cha majina, pale penye nafasi ya mstari mmoja, tungeandika hivi: "Yabesi, la Kiebrania, jina la mwanamume, linasikika kama neno la utungu wa kuzaa, herufi mbili zikiwa zimegeuzwa, 1 Nya 4:9-10, lisichanganywe na Yabeshi."